Kipimo cha Petroli: Uchambuzi wa Nozeli Kubwa katika Magari ya Kasi ya Mara

Atokaye Musoma mjini akafika Makutano, kisha akaiacha barabara kuu iendayo Bunda na Mwanza akashika njia ya kupanda Butiama, hupita katika nchi ya majabali yaliyokaa kama yaliyopangwa kwa mkono, mpaka afike Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu Julius Nyerere, alipozikwa mwezi wa Oktoba mwaka 1999. Katika njia hiyo, miaka hii, aghalabu sauti ya gari la kasi husikika kabla gari lenyewe halijaonekana: ngurumo isiyo sawa ya Subaru Impreza, au mlio mkali wa Mitsubishi Lancer Evolution, magari yaliyokwisha kutumika Japani, yakavuka bahari, yakashushwa Dar es Salaam, na hatimaye yakafika ziwani mikononi mwa vijana wasioridhika na nguvu yaliyozaliwa nayo. Miongoni mwa mambo wanayoyatamani vijana hao, moja limekwisha kuwa kama itikadi, nayo ni kwamba nozeli kubwa huleta nguvu. Na kwa kuwa nimeona injini nzuri zikiharibiwa kwa itikadi hiyo, na fedha ya jasho ikipotea pamoja nazo, nimeona ni wajibu kuipima neno kwa neno, kwa hesabu na kwa ushahidi wa nchi yetu wenyewe.

Nilikuwapo katika gereji moja ya Musoma, si mbali na ufuko wa ziwa, alipoingia kijana kutoka Bunda na Impreza ya tabo (turbo), mkononi amebeba kisanduku kidogo kama mtu abebaye dhahabu.

"Shikamoo, fundi. Nimeleta nozeli mpya, naomba unifungie leo hii, kesho nina safari ya Tarime."

"Marahaba, mura. Za zamani zimekukosea nini?"

"Gari limekuwa zito. Likifika mizunguko 5,000 linakatakata, halivuti tena."

"Basi tuzipime kwanza hizo za zamani, halafu tuulizane habari ya hizi mpya."

Kijana hakupendezwa na jibu lile, na nitaeleza mbele yaliyotokea; lakini neno la yule fundi, "tuzipime kwanza", lina uzito kuliko kisanduku alichokishika kijana, nalo ndilo nitakaloliandama katika uchambuzi huu.

Nozeli ni bomba dogo lenye kizibo kinachofunguliwa na umeme. Nyuma yake petroli hukaa imesukumwa kwa nguvu ya bari 3 au karibu na hapo. Kompyuta ya injini, ambayo mafundi wetu huiita kontrol boksi, ikipeleka umeme, kizibo huinuka, petroli hutoka kama ukungu, na umeme ukikatwa kizibo hurudi mahali pake. Yote hayo hutendeka katika muda usioweza kuhesabika kwa jicho. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 10, yaani sehemu kumi za elfu za sekunde, na kwa kuwa kila silinda hupewa petroli mara moja katika mizunguko miwili, nozeli ina milisekunde 20 za kufanya kazi yake yote na kuanza tena. Haina akili ya kuongeza wala kupunguza. Humwaga kadiri ya ukubwa wa tundu lake na kadiri ya muda iliofunguliwa, basi. Nguvu hutoka katika hewa inayoingia silindani, na petroli ni mwenzi wa hewa hiyo: sehemu moja ya petroli kwa sehemu 14.7 za hewa, kwa uzito, ndiyo nisba ya kuungua kamili, na injini ya tabo inapokanyagwa hadi mwisho huhitaji petroli zaidi kidogo, moja kwa 12 au pungufu kidogo ya hapo, ili chumba cha moto kisipate joto la kupita kiasi. Mwenye kuongeza petroli bila kuongeza hewa amenunua moshi mweusi.

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki kama vijana wanavyodhani. Mbio za magari zilizoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, zikivuka Kenya, Uganda na Tanganyika, zilishindwa mwaka 1966 na tena mwaka 1967 na Bert Shankland, mkaazi wa Dar es Salaam, pamoja na mwenzake Chris Rothwell, katika Peugeot 404 isiyokuwa na kabureta. Gari lile lilikuwa na pampu ya Kugelfischer, chombo cha chuma kitupu kisicho na umeme wa kufikiri, kilichopima petroli kwa pistoni ndogo na kuipeleka kwa kila silinda kwa zamu yake. Injini ilikuwa ile ile ya sentimita za ujazo 1,618. Kwa kabureta ilipoanza kuuzwa ilitoa nguvu ya farasi 72, na kwa pampu ile ilipotokea mara ya kwanza ikatoa 85. Wengi husema hapo, "Kumbe petroli ilileta nguvu!" Sivyo. Kabureta hulazimisha hewa kupita katika koo jembamba ili ifyonze petroli, na petroli ile ikigawanywa kutoka mahali pamoja silinda moja hupata nyingi na nyingine haba. Lilipoondolewa koo lile hewa ikaingia kwa wingi, na kila silinda ikapata haki yake sawa. Insafu baina ya silinda nne ndiyo iliyoshinda Safari, katika matope na vumbi ambamo kila mwaka magari mengi yalianza na machache yakarudi. Mwezi wa Oktoba wa mwaka huo huo 1967 Mwalimu aliitembea kwa miguu njia ya Butiama kwenda Mwanza, akiliunga mkono Azimio la Arusha, na wazee wa njia ile wana haki ya kujua kwamba mwaka ule ulikuwa na safari mbili za kukumbukwa.

Turudi kwenye hesabu, maana hapa ndipo ubishi wa vijiweni hukoma. Injini ya tabo hutumia kwa kila nguvu moja ya farasi takribani gramu 270 za petroli kwa saa inapofanya kazi yote. Mwenye kutaka nguvu 300 anahitaji basi kilo 81 kwa saa, ambazo ni lita 110 hivi, au sentimita za ujazo 1,835 kwa dakika. Zigawe kwa nozeli nne, kila moja hupata kama 460. Lakini nozeli haifai kufunguliwa muda wake wote, kwa kuwa ikikaribia kutofunga kabisa hupata joto, hupoteza utii, na haina akiba siku ya baridi au siku tabo litakaposukuma zaidi ya ilivyotazamiwa. Kwa hiyo mafundi wenye hadhari huihesabia asilimia 80 tu ya muda wake. Gawanya 460 kwa 0.8, jibu ni kama 575. Sasa tazama: Lancer Evolution nyingi zilitoka kiwandani na nozeli za karibu 560, kwa injini iliyoandikwa nguvu 280, kipeo ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana wenyewe kwa wenyewe kutokukivuka hadharani tangu mwaka 1989 mpaka 2004. Hesabu yetu na kazi ya wahandisi wao zimekutana mahali pamoja. Maana yake ni kwamba kijana mwenye gari kama hilo, akiwa hajabadili tabo wala hajaongeza msukumo wake, hana haja ya nozeli nyingine yoyote duniani. Na anayetaka kufika nguvu 400, kwa tabo kubwa zaidi na pistoni zinazoweza kustahimili, ndiye ambaye 560 hazimtoshi tena, kwa kuwa hesabu yake hupanda hadi kama 765.

Wapo wanaokwepa kununua nozeli kwa kuongeza msukumo wa petroli katika regulata. Njia hii ina kweli ndani yake, lakini kweli fupi. Petroli inayotoka haiongezeki sawa na msukumo, bali kwa kipeuo chake cha pili: ukitoka bari 3 kwenda 4, umeongeza msukumo kwa theluthi lakini petroli imeongezeka kwa asilimia 15 tu, na atakaye kuzidisha petroli mara mbili kwa njia hiyo atahitaji bari 12, ambazo hakuna pampu ya gari la namna hii iwezayo kuzitoa. Tena pampu yenyewe, kadiri inavyosukuma dhidi ya nguvu kubwa zaidi, ndivyo inavyotoa lita chache zaidi, na waya mwembamba uliochakaa ukiipa volti 11 mahali pa 13 na nusu, lita hizo hupungua tena.

Upande wa pili wa ubaya wa nozeli kubwa hauonekani katika mwendo wa kasi, ila katika foleni, mbele ya kizuizi cha polisi, asubuhi ya kuwasha gari. Injini ya lita mbili inayonguruma pasipo kukanyagwa hutumia labda sentimita za ujazo 15 za petroli kwa dakika, zikigawanywa katika matone 1,600. Nozeli ya 560 hutoa tone hilo katika milisekunde moja. Nozeli ya 1,000 hulitoa katika nusu tu ya hiyo na chembe. Na kabla kizibo hakijainuka hata kidogo, umeme hupoteza kama milisekunde nzima kupambana na chemchemi na msukumo, muda ambao hurefuka betri inapodhoofika. Kontrol boksi lazima iujue muda huo uliopotea na kuuongeza. Ikikosea kwa milisekunde 0.2, nozeli ya 560 itakosa tone lake kwa sehemu moja ya tano, na ile ya 1,000 kwa zaidi ya theluthi. Ndiyo sababu ya yale magari yaliyofungwa nozeli za kifahari yakatetemeka, yakamisi, yakazima kila yanaposimama, na wenyewe wakalaumu plagi. Nozeli bora za siku hizi hutoka na karatasi ya vipimo vyake, muda unaopotea kwa kila volti na kwa kila msukumo; na nozeli isiyo na karatasi hiyo, hata ikiwa inang'aa namna gani, mimi naihesabu kuwa haijulikani.

Amma kuhusu nchi yetu, kuna mambo mawili ambayo vitabu vya Wajapani na Wamarekani havikuyaandika kwa ajili ya mtu wa Mara, na mambo hayo hayalingani kwa uzito.

La kwanza ni kimo cha nchi. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na Butiama iko juu zaidi. Hewa ya Musoma ina msukumo pungufu wa kama asilimia 13 kuliko hewa ya Dar es Salaam, kwa hiyo Toyota Altezza isiyo na tabo, iliyoandikwa nguvu 210, huku kwetu hubaki na kama 183 hata ikiwa mpya kabisa, na nozeli zake humwaga pungufu kwa kadiri hiyo hiyo. Gari la tabo linaweza kujilipia upungufu huo, lakini kwa kuzungusha tabo zaidi: kupata hewa ile ile liliyoipata pwani kwa bari 1 ya geji, ziwani lahitaji kama bari 1.13, na tabo lizidishalo hewa mara mbili pale, hapa huizidisha mara 2 na robo na ziada, likiipasha joto zaidi njiani. Basi gari lililorekebishwa Dar es Salaam, na mwenye kulirekebisha hakufikiri kwamba litaishi ziwani, halijarekebishwa bado. Sensa za kisasa hupunguza kosa hilo kwa sehemu kubwa, lakini kupunguza si kuondoa.

La pili ni petroli yenyewe, na hapa ndipo penye moyo wa jambo. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko petroli na dizeli, na watu wasio na haya wakayachanganya, hata neno uchakachuaji likaingia katika kila mdomo wa Tanzania na kupata maana zaidi ya mafuta. Mwaka 2010 mafuta yakaanza kutiwa vinasaba, alama ya siri inayoyatambulisha mafuta yaliyolipiwa kodi kwa matumizi ya nchini. Na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Hatua hizo zilikuwa za haki na zimesaidia sana. Walakini petroli inayouzwa kwa chupa kando ya njia, mbali na vituo, haina wa kuithibitisha. Hupitia madebe yenye kutu, hukaa juani, huingia maji na vumbi. Ubaya wa mafuta ya taa ndani ya petroli kwa injini ya tabo ni mkubwa kuliko ubaya wa nozeli ndogo: yanashusha ustahimilivu wa petroli dhidi ya kuungua kabla ya wakati, injini hugonga, na mgongo wa pistoni baina ya ringi huvunjika kama kigae. Na ubaya wa uchafu ni wa kimyakimya zaidi, kwa sababu tundu la nozeli ni jembamba mno, na utando mdogo uliokaukia hapo unatosha kuipunguzia silinda moja riziki yake ilhali tatu zinashiba.

Hebu tulitafakari hilo. Sensa ya oksijeni hukaa katika bomba la moshi wa silinda zote kwa pamoja, na husoma wastani. Nozeli moja ikipungua kwa asilimia 12, sensa huona upungufu wa asilimia 3 tu, kontrol boksi huongeza kidogo kwa zote, tatu zinapata kupita haja, na ile moja inabaki na kiu. Mwendo wa kawaida haujulishi kitu, mpaka siku mwenye gari atakapokanyaga hadi mwisho katika mteremko wa kuingia Bunda, na silinda ile yenye kiu itoboke. Ndiyo maana nasema kwamba swali la ukubwa wa nozeli, kwa gari la Mara, ni la tatu au la nne. La kwanza ni usawa wake. Nozeli nne zilizopimwa katika vikombe vya kioo zikatofautiana kwa asilimia 2 tu, ziwe za zamani na ndogo, ni salama kuliko mpya kubwa zisizopimwa.

Na hizo mpya zatoka wapi? Mtu wa Mara ana soko pande zote. Huagiza Kariakoo, ambako vipuri vya Japani na vya Dubai hulala bega kwa bega. Huvuka Sirari akaletewa kutoka Kirinyaga Road ya Nairobi. Wengine wana jamaa Kampala wanaowatafutia katika soko la Kisekka. Masoko hayo yana wafanyabiashara waaminifu wengi, nami sina neno la kuwatuhumu, lakini bidhaa za kuigiza zimeenea duniani kote, na nozeli ya kuigiza huwa na umbo lile lile, rangi ile ile, hata namba ile ile iliyochongwa. Tena kuna tafauti zisizoonekana na mnunuzi mwenye haraka. Baadhi ya injini za Subaru hulishwa petroli kwa ubavu wa nozeli na nyingine kwa kichwa chake, na moja haiingii mahali pa nyingine. Nozeli nyingine zina ukinzani wa omu 2 hadi 4, nyingine 12 hadi 16; ukiifunga ile ya kwanza katika gari lililoundiwa ya pili, pasipo kizuizi cha umeme baina ya nozeli na kontrol boksi, hutaunguza nozeli, utaunguza kontrol boksi, ambayo bei yake humfanya mtu akumbuke hesabu aliyoikataa. Sizungumzii hapa injini zinazomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama zile mafundi wetu wanazoziita D4 na kuziogopa. Msukumo wake ni mkubwa mno kuliko huu, nazo zina elimu yake peke yake.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo haki yanilazimu kuieleza. Husemwa kwamba nozeli kubwa ni akiba, na mwenye kununua kubwa leo hatanunua tena kesho. Hoja hii ingekuwa na nguvu lau kontrol boksi ingejirekebisha yenyewe, na lau petroli ingekuwa ya bure. Bei kikomo hutangazwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei ya Musoma, Bunda na Butiama huwa juu ya ile ya Dar es Salaam kwa sababu ya masafa. Gari linalomwaga zaidi ya haja kwa sababu halikurekebishwa humnyonya mwenyewe kila siku, na petroli isiyoungua huosha mafuta ya injini katika kuta za silinda, chuma kikasugua chuma. Akiba ya kiasi, yaani asilimia 20 juu ya hesabu, ni busara. Akiba ya mara mbili ni kiburi.

Hukumu yangu basi ni kwamba nozeli kubwa ina mahali pake halali: kwa yule aliyekwisha kubadili tabo, akaimarisha pampu na waya wake, akasafisha tanki, akafunga filta mpya, akaonyeshwa kwa chombo kwamba nozeli zake zimevuka asilimia 85 ya muda wao, na akapata fundi mwenye sensa pana ya oksijeni wa kumrekebishia gari huku huku ziwani. Mtu huyo na azinunue kwa moyo mweupe. Nawasihi pia mafundi wetu wa Musoma na Bunda, ambao mikono yao nimeishuhudia na kuiheshimu, waandike kwa kila gari la kasi karatasi moja ya vipimo, msukumo wa petroli, volti ya pampu, kiasi cha kila nozeli, tarehe, na wampe mwenye gari akae nayo. Maana gari huuzwa, fundi huhama, na anayekuja nyuma huanza gizani.

Yule kijana wa Bunda aliketi kwenye benchi hadi alasiri. Nozeli zake za zamani zilipowekwa katika vikombe vya kioo, tatu zilijaza sawa na ya nne ikabaki chini kwa upana wa kidole. Filta ilitoka nyeusi kama masizi. Na volti ya pampu, injini ikiwa inazunguka, ilikuwa 10.9, kwa sababu ya waya mmoja ulioshika kutu chini ya kiti. Waya ukabadilishwa, filta ikabadilishwa, nozeli zikaoshwa mara mbili mpaka vikombe vyote vinne vikalingana. Kesho yake alikwenda Tarime, akarudi akipita gereji kumshukuru fundi wake, na kile kisanduku bado kilikuwa kimefungwa kwa gundi ya dukani.